Mwaka Niliokuwa Kiwiko

Tumemzika mama mdogo juma lililopita, na tangu siku hiyo sina usingizi wa maana. Msidhani ni kilio. Kulia nilikuwa nimejiandaa. Alikuwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu, ameugua muda mrefu, na mimi ni muuguzi, njia ile naijua inavyokwenda. Kilichonikoroga ni jambo dogo la jikoni. Siku ya pili ya msiba, nyumbani kwake pale Igogo, wanawake walikuwa wamepika uji wa togwa kwenye pipa lililokatwa nusu, na mmoja wao, mama fulani ambaye hata sura yake sikuikumbuka, akapaza sauti: "Muiteni Kiwiko aje apime!" Wale wa umri wangu wakaangua kicheko. Vijana wakauliza Kiwiko ni nani. Mimi nikajikuta nakunja mkono wa gauni, mtu mzima na miwani yangu, mkuu wa wodi ninayewafokea madaktari wapya mpaka wanasahau walichokuja kuuliza, nimeinamia pipa kama niliyeamrishwa. Mvuke ukanipiga usoni. Nikasingizia simu, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo nikihema mpaka pumzi iliporudi mahali pake.

Jina hilo nilipewa katikati ya miaka ya tisini, mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne kule Magu nikaja Mwanza kumsaidia mama mdogo "kwa muda." Maneno hayo mawili yana meno, mtaona. Mama mdogo, ambaye Igogo nzima ilimwita Mama Shija, alikuwa mpika pombe: komoni, ile nzito ya unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Miezi michache kabla sijaja, pipa la uji wa moto lilimpindukia likamuunguza mikono yote miwili, kutoka vidoleni mpaka juu ya viwiko. Vidonda vilipona, ngozi ikarudi ikiwa imekakamaa na kung'aa, lakini hisia haikurudi. Angeweza kushika kaa la moto akaendelea na maongezi. Kwa mwanamke mwingine hiyo ingekuwa shida. Kwa mpika pombe ilikuwa balaa, maana komoni ya kwao ilipimwa kwa kiwiko. Uji ukishaiva unauacha upoe, na kuna vipimo viwili ambavyo huruhusiwi kuvikosa. Cha kwanza ni joto la kutia kimea ili uji ugeuke mtamu: kiwiko kinaingia, lakini kinakataa kukaa. Cha pili, baadaye sana, ni joto la kutia kimea cha kuumulia: kiwiko kinaingia na kusahau kama kimeingia. Ukiwahi, kimea kinakufa na unabaki na uji wa kuwapa nguruwe. Ukichelewa, uchachu wa hovyo unatangulia, na mlevi gani atakuja kununua siki?

Mtauliza kwa nini hakuajiri msichana. Aliajiri. Msichana akajifunza, akaolewa mtaa wa pili, akafungua kilabu chake mwenyewe na kuwachukua wateja nusu. Tangu hapo mamdogo akaapa kwamba mkono wa kupima utakuwa wa damu yake. Mwanawe wa pekee, Shija, alikuwa ameenda machimboni upande wa Geita kutafuta dhahabu, na habari zake zilikuja kwa midomo ya watu, kila mdomo na lake. Basi nikabaki mimi. Na juu ya hilo palikuwa na mwiko aliourithi kwa mama yake: aliyepima joto la kwanza ndiye apime la pili, na asivuke maji mpaka pombe ikomae, kwa sababu pombe changa huufuata mkono wake. Mto Mirongo aliuhesabu kuwa nusu maji, kwa vile kiangazi mtu aliweza kuuruka, kwa hiyo mjini niliruhusiwa. Ziwa, hapana. Sasa, komoni si kitu cha miezi; ni siku chache tu, na mtu angevumilia. Lakini mamdogo alikuwa na mapipa mawili, moja likinywewa lingine liko changa, na siku hilo changa linapokomaa lile la kwanza limeshapikwa upya. Hapakuwa na siku hata moja katika nyumba ile ambayo hapakuwa na pombe changa. Na kitu nilichokitaka duniani kilikuwa ng'ambo ya ghuba, Sengerema, ambako nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi. Masomo yangeanza mwezi wa tisa. Ukikosa kuripoti, wanampa mwingine, na wenye kuitaka walikuwa wengi.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na banda la wanywaji lililoegemezwa ukutani. Chumba changu ndicho kilichokuwa stoo. Ulezi ulilowekwa, ukafunikwa kwa magunia mabichi, ukasukumwa chini ya kitanda changu uchipue. Nililala juu ya kitu kinachoota, na asubuhi nguo zangu zote zilinuka kimea. Hata leo mgonjwa akija wodini na harufu hiyo namjua kabla hajasema anatoka wapi. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na dagaa, au mapanki, yaani ile mifupa na vichwa vya sangara vilivyobaki baada ya viwanda kukata minofu ya kupeleka Ulaya. Mamdogo alijua kuyakaanga yakawa matamu, akayamwagia ndimu na pilipili, akasema, "Wao wamekula nyama, sisi tumekula samaki." Tulikula tumekaa kwenye vigoda, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulikula pamoja na mazungumzo ya wanywaji. Aliyesikika kuliko wote alikuwa Mzee Lushinge, aliyekuwa karani wa ushirika wa pamba hadi alipopunguzwa kazini. "Soko huria!" angesema kila jioni, kama anayemtaja mtu aliyemkosea. "Huria ya nani? Zamani tulikuwa na fedha, duka halina sukari. Sasa duka linafurika, sisi ndio tumekuwa hatuna kitu." Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Kisha angesema bia ya chupa nayo imejaa kila kona, yenye barafu, na kwamba Mama Shija asipoangalia atabaki yeye na nzi wake. Mamdogo alikuwa akiacha kutafuna anaposikia hivyo. Pombe ikichacha mara moja, wamekwenda. Ikichacha mara mbili, hawarudi. Nilimwona akinitazama kiwiko, si uso.

Nilijihisi mfungwa, nalisema wazi. Si kwamba alinitesa. Hakunipiga, hakuninyima, alinisuka nywele Jumapili kwa vidole vile visivyohisi, akiuliza kila mara, "Nakuumiza?" kwa kuwa mwenyewe hakuweza kujua. Ungemchukia vipi mtu huyo? Ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi. Kutoka mlangoni, kwa kuwa nyumba ilikuwa kwenye mwinuko kidogo juu ya mawe, niliona feri ikienda ng'ambo na kurudi, kubwa, nzito, haina haraka, na watu wadogo wadogo juu yake na mabegi yao. Nilizijua saa zake kama mlevi anavyojua saa za kilabu.

Hapo ndipo nilipopata wazo la kipimajoto. Nilisoma fizikia, nilijua joto si siri ya ukoo, ni namba. Nikitafuta chombo cha kuaminika kitakachosema namba ile ile inayosemwa na kiwiko changu, basi kitakaa badala yangu, na mimi nitavuka. Cha kwanza nilikinunua duka la dawa, kile cha kupimia homa, maana ndicho pekee nilichowahi kukiona kwa karibu. Nikasubiri mamdogo aende gengeni, nikakitumbukiza kwenye uji. Mnacheka. Chekeni tu. Kile chombo kimetengenezwa kwa joto la mtu, si la pipa. Nilisikia mlio mdogo, tik, na nilipokitoa nilikuwa nimeshika nusu.

"Kabula, umetia nini kwenye pipa?" Alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu cha nyanya.

"Kipimajoto, mamdogo."

"Kiko wapi?"

"Kimepasuka."

"Kimepasukia wapi?"

Nikaelekeza kidole kwenye uji. Akaweka kikapu chini polepole. Ilibidi nimweleze zebaki ni nini, na jinsi isivyoonekana ndani ya uji, na alipoelewa akasema tu, "Tuchimbe shimo." Tulifukia pipa zima la uji kama tunafukia maiti, na wanywaji wakaambiwa Mama Shija anaumwa. Jioni tulikula ugali. Baadaye akasema, "Mwanangu, una kiwiko kizima. Mungu amekupa. Unatafutia nini vyuma?" Nikasema nataka kumrahisishia kazi. Ndivyo nilivyosema. Neno Sengerema sikulitaja. Alijua kuwa nina nafasi kule, nilimwambia siku ya kwanza nilipofika, akajibu, "Mungu akipenda," na baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena, kama vile ni jina la marehemu.

Duka la Mama Nasim lilikuwa mjini, kwenye mtaa wa maduka ya Wahindi, likiuza dawa za mifugo na vifaa vya maabara za shule. Mama Nasim alikuwa mwanamke mnene wa Kiislamu, mtandio begani, amezaliwa Mwanza na akijua Kisukuma cha kutosha kuwafukuza wanaotaka kupunguziwa bei.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Ng'ombe au kuku?"

"Nataka kipimajoto cha pombe."

Akainua mkono. "Hapo hapo! Mambo ya pombe mimi sitaki kuyasikia dukani kwangu. Sema unapimia uji."

"Napimia uji."

"Haya. Uji." Akavuta droo. "Uji nina vipimajoto viwili."

Cha kwanza kilikuwa cha zamani, kijiti cha kioo chenye uzi mwekundu ndani, namba zimechorwa kwenye kioo chenyewe. Alisema kipo tangu enzi za baba mkwe wake. Cha pili kilikuwa kipya, kimeingia na mzigo wa Dubai, kinang'aa, na namba zake zimeandikwa kwenye ukanda wa karatasi nyeupe uliokaa ndani ya bomba la kioo. Zamani, alisema, ukipata kimoja unashukuru. Sasa vinakuja vya kila aina na mteja ndiye anayeumwa kichwa. Nikamwomba nivijaribu. Hilo lilimfurahisha, akanipeleka nyuma, kwenye chumba chenye jiko la mafuta ya taa, masanduku mpaka darini, na sufuria ya maji ya chai ikitokota. Mume wake alikuwa upande wa pili wa pazia na sauti yake ilipita bila taabu. "Kila mtu anaondoka," alisema. "Ndugu zangu Kanada, ndugu zako Dar. Sisi tumebaki kulinda dawa za kupe?" Mama Nasim akamjibu bila kugeuka, "Nenda wewe. Mimi nabaki na kupe." Yule bwana akasema atakwenda kweli, naye akasema begi liko juu ya kabati. Niliwasikiliza kwa wivu, nikiri hivyo. Kumbe watu huweza kubishana juu ya kuondoka mchana kweupe, kwa sauti, huku maji ya chai yanachemka.

Nikatumbukiza vyote viwili. Cha zamani kikapanda mpaka tisini na sita, kikagoma. Nikakisubiri. Maji yalikuwa yanaruka ndani ya sufuria, na chenyewe tisini na sita. Kipya kikapanda moja kwa moja mpaka mia, kikatulia juu ya mstari kama mwanafunzi mwema. Maji yanachemka kwa nyuzi mia. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Nilikuwa nimelipatia tiki kwenye mtihani. "Hiki cha baba mkwe kimezeeka, mama," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyesoma. Mama Nasim akakifuta kijiti kwa mtandio, akakirudisha kwenye droo. "Vitu vizee ndivyo nilivyo navyo," akasema. Nikaondoka na kile cha karatasi. Nilivuka Mirongo nikiimba.

Pipa la kwanza lilitoka zuri. Nilipima kwa kiwiko, nikasoma namba, sitini na tano joto la kwanza, thelathini na tano la pili, nikamfundisha mamdogo kusoma, naye akakunja uso akasema karatasi ina sisimizi. Pipa la pili pia likawa zuri. Nilianza kuhesabu wiki. Kisha nikaacha kutumia kiwiko kabisa, nikaamini namba, na mambo yakaanza kwenda mrama. Uji ulikataa kuwa mtamu. Kimea kilielea juu kama vumbi la mbao. Mamdogo alionja kwa kata, akatema, akaonja tena, kwa sababu ulimi ndio uliokuwa umebaki mzima katika kazi ile. "Umekiua," akasema. "Umetia kukiwa moto." Nikambishia. Nilimwonyesha sitini na tano. "Sitini na tano ya nani?" akauliza. Pipa la baadaye likawa hivyo hivyo, na ukutani tukamsikia Mzee Lushinge: "Hii leo Mama Shija ametupa uji wa msiba. Nani kafa?" Watu wakacheka, wakavuta viti, na wengine hawakuonekana siku iliyofuata wala ile nyingine. Kilabu cha yule msichana wa zamani kilisikika mpaka kwetu. Mamdogo hakunifokea. Alikaa kizingitini, mikono yake imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine, akasema, "Rudisha kiwiko, Kabula. Nakuomba. Hiki kilabu ndicho mume wangu, ndicho shamba langu. Sina kingine." Mwezi wa saba ulikuwa umekwisha. Nilirudisha kiwiko, na pombe ikanyooka, na kila ilivyonyooka mimi nilizidi kuzama.

Nikarudi kwa Mama Nasim kugomba. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Hakujali hata kidogo. Alichukua chombo changu, akachukua kile kijiti cha baba mkwe, akachukua na vingine viwili vipya vya kuchorwa kwenye kioo vilivyokuwa vimeingia wiki ile, akavitumbukiza vyote kwenye sufuria ya chai kama mtu anayechemsha mayai. Tukasimama tukitazama. Kijiti cha zamani: tisini na sita. Vile viwili vipya, ambavyo havikuwahi kumwona baba mkwe: tisini na sita. Changu: themanini na tisa. Akakitoa, akakigonga kwenye ukingo wa meza, na mbele ya macho yangu ule ukanda wa karatasi ukateleza ndani ya bomba. "Gundi imeachia," akasema. "Binti, ulinunua karatasi inayotembea." Siku nilipokijaribu mara ya kwanza, karatasi ilikuwa imekaa mahali pa kunipa mia yangu. Ikaendelea na safari zake.

"Lakini na hivi vitatu vimekosea," nikasema. "Maji yanachemka kwa mia."

"Mimi nauza tu," Mama Nasim akasema. "Lakini vitatu vikiniambia kitu kimoja, na havijuani, mimi naviamini."

Nikakaa juu ya sanduku la dawa za kupe. Nikamsikia mwalimu wetu wa fizikia kule Magu, sauti yake ya pua, akituandikisha: maji safi huchemka kwa nyuzi mia *katika usawa wa bahari*. Tulikuwa tumeandika. Tulikuwa tumeikariri mpaka na koma zake. Hakuna aliyeuliza bahari gani! Sisi watoto wa ziwa, tuliokuwa na maji mbele ya macho mpaka mwisho wa dunia, tulidhani usawa ndio huu wetu. Kumbe Mwanza pamoja na maji yake yote iko juu, zaidi ya kilomita moja juu ya bahari, na huku juu maji huchemka mapema. Nilikuwa nimekataa chombo kilichosema kweli kwa sababu kilisema kweli ya Mwanza, nikachukua kilichonipa kweli ya Dar es Salaam. Nikaanza kucheka, kisha sikuweza kuacha, na sijui ni wakati gani kicheko kilipogeuka. Mama Nasim alinimiminia chai, akaweka na kipande cha chapati juu ya kikombe. "Kunywa," akasema. "Uji gani huu unaomliza mtu?"

Kijiti cha baba mkwe nikakileta Igogo. Safari hii sikuzungumza habari za namba. Nilitia kiwiko mpaka kikakataa kukaa, nikasoma uzi mwekundu ulipofika, nikapaka hapo mstari wa rangi ya kucha. Nikasubiri uji upoe mpaka kiwiko kikasahau, nikapaka mstari wa pili. Mamdogo akakishika kwa kitambaa, akakitazama kwa muda. "Hiki kimevuka bahari kuja hapa," akasema. "Na mwiko wangu je?" Lakini alitumia. Alipima, akatia kimea, akafunika, na ilipokomaa akaonja. Sijasahau uso wake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aungue kupika pombe mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na ikawa pombe. Akampa Mzee Lushinge kata ya kwanza bure.

"Mama Shija," mzee akasema baada ya kumeza, "hii imenyooka kama reli."

"Nisifu tu, mzee. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi silitii."

Watu wakarudi. Wakarudi na wengine. Mwezi wa nane ulikuwa unakatika na mimi nilitembea nikiwa mwepesi, nikifua nguo zangu moja moja ili harufu ya kimea itoke. Ndipo alasiri moja, nikiwa stoo nimepiga magoti nageuza ulezi, nikamsikia ukutani akiongea na Mzee Lushinge. Alikuwa na furaha. Sauti yake ilikuwa ya msichana. Alisema anatafuta pipa la tatu, na la nne Mungu akijalia. Alisema kuna banda barabara ya kwenda Magu, mwenyewe analiacha, mahali pazuri, magari yanasimama. "Nikiwa na Kabula na kile kioo," akasema, "nani atatuweza?" Mzee akasema soko huria basi ndilo hilo. Nilikaa chini juu ya magunia mabichi, maji yakaingia kwenye sketi yangu, nami sikuinuka. Kile nilichokitafuta mwaka mzima ili kinitoe ndicho kilichonizidishia mapipa. Nimeona watu wengi wakipewa habari mbaya katika kazi yangu. Wengi hawalii. Wanatazama mikono yao, kama nilivyotazama yangu siku ile.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilimkuta uani akipepeta ulezi kwenye ungo. Nilikuwa nimevaa viatu. Begi nilikuwa nimeliacha mlangoni, na nadhani aliliona kabla hajaniona mimi.

"Mamdogo."

"Ee."

"Kule Sengerema wanaanza kesho."

"Nasikia."

"Kipimajoto unakiweza sasa. Mapipa yote ya juma hili umepima mwenyewe."

"Kipimajoto nakiweza." Akapepeta, makapi yakaruka. "Mwaka mzima unanitafutia kitu cha kukaa na mimi badala yako. Kimepasuka, ukaleta kingine. Kimenidanganya, ukaleta kingine. Mimi najiuliza tu, huyu mtoto ataomba lini?"

"Kuomba nini, mamdogo?"

"Kuondoka!" Akaweka ungo chini. "Hujaniomba, Kabula. Hata siku moja. Ulitaka kioo ndicho kiniombe."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejifunza kuchemsha maji, nimejifunza habari za bahari, nimemlilia mwanamke wa watu dukani, ili tu nisilazimike kusema sentensi moja uani. Nikapiga magoti pale pale kwenye makapi. "Naomba niende, mamdogo."

"Hapana."

Alilisema bila hasira, akinitazama machoni.

"Hapana," akarudia. "Nikikwambia ndiyo nitakuwa naongopa, na wewe sijakuongopea. Shija nilimwambia ndiyo. Nilimfungia na karanga za njiani, nikacheka mpaka alipopotea kona. Neno lile sitalisema tena kwa mtu. Kwa hiyo mimi nakataa, na wewe unakwenda. Tumeelewana?"

"Na pipa? Lile bado changa. Kiwiko changu kiligusa jana, nilisahau, nilitia tu kwa mazoea."

Akanitazama, kisha mdomo wake ukacheza. "Basi likikufuata Sengerema, linywe huko huko. Inuka, unachafua sketi. Feri haimngoji mtu."

Nilichukua begi. Hakunisindikiza, nami sikuthubutu kugeuka. Nilipokuwa nashuka kwenye mawe nilipishana na Mzee Lushinge akija mapema kama kawaida yake. Nikamwamkia, akaitikia, akapita. Nyuma yangu nikamsikia akisema, "Mwangaluka, Mama Shija. Eh, mbona macho yako hivyo?" Na mamdogo akamjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Moshi, mzee. Moshi wa asubuhi huu utaniua." Nilitembea mpaka kwenye feri, nikapata mahali pa kusimama kati ya baiskeli na matenga ya kuku, na ilikuwa imeshaachia ukingo ndipo nilipokumbuka kwamba asubuhi ile moto tulikuwa hatujawasha.